Ovaroli ya Saa Nane na Dakika Kumi

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa Machi, Bi Pfeiffle wa ghorofa ya pili alikuwa amepiga magoti kwenye ngazi akifuta kidato cha tatu kwa kitambaa chenye sabuni, maana kibao cha zamu ya usafi kilikuwa kinaning'inia mlangoni kwake wiki hiyo. Saa nane na dakika nane mlango wa chini ulifunguka, ikaingia ovaroli ya kazini. Ndani hamkuwa na mtu. Ilikuwa ya buluu iliyopauka, namba 412 imeshonwa kifuani, na vumbi jeupe limeijaa toka kola mpaka pindo. Ilipanda taratibu, kama apandavyo mtu aliyesimama kwa miguu tangu alfajiri. Ikampita Bi Pfeiffle, ikaacha alama nyeupe kwenye kila kidato alichokwisha kukifuta, ikafika ghorofa ya tatu na kugonga mlango wa Gotthilf Schempp kwa kifungo cha mkono wake wa kulia.

"Bwana Schempp!" Bi Pfeiffle aliita kutoka chini. "Mwambie mgeni wako hii ni zamu yangu. Kama ana miguu ya kupandia ngazi, ana miguu ya kufutia kwenye zulia la mlangoni."

Gotthilf alifungua, akaitazama ovaroli, akachungulia chini.

"Haina miguu, Bi Pfeiffle."

"Basi hizi alama ni za bibi yangu?"

Gotthilf alichukua kitambaa akashuka kufuta, kwa sababu katika jengo lile mtu hulipa uchafu wa mgeni wake. Aliporudi juu, ovaroli ilikuwa imekwisha kuketi jikoni.

Aliijua. Aliivaa miaka ishirini na sita katika kiwanda cha mabamba kule kando ya mto, kiwanda kilichochanganya saruji na asbesto kikaezeka nusu ya mabanda ya ng'ombe ya nchi ile. Kiwanda kilipofungwa mwaka wa tisini, Gotthilf aliichoma moto mwenyewe, kwenye pipa, katika kibustani chake cha kukodi nyuma ya reli. Sasa ilikuwa imekaa mbele yake nzima, hata kile kiraka cha gotini kipo, na kiraka kile alikishona Irmgard.

Irmgard alikuwa amezikwa wiki tatu kabla.

Alikuwa mke wake kwa miaka arobaini na minne. Alikufa kwa maradhi ya utando wa mapafu, yale ambayo daktari akiyaona kwenye picha huuliza swali moja tu. Alimwuliza Irmgard: mama, umewahi kufanya kazi na asbesto? Irmgard akacheka, akakohoa, akasema, "Mimi? Mimi nilikuwa nafua tu, daktari."

Kila siku ya kazi, mumewe alipoingia saa nane na dakika kumi, alimvua ovaroli, akaipeleka roshani, akaikung'uta mara kumi na mbili kwenye chuma cha roshani, kisha akaiweka ndani ya pipa la kufulia. Vumbi lilimrudia usoni. Akipiga chafya husema, "Afya kwangu mwenyewe," na kuingia ndani kupakua dengu na soseji.

Sasa Gotthilf alifanya kama alivyofanya yeye. Aliipeleka ovaroli roshani akaikung'uta mara kumi na mbili. Vumbi lilitoka, likasimama hewani kidogo, likaingia tena jikoni kupitia dirishani na kuketi juu ya meza. Akaiazima mashine kavu ya Bi Pfeiffle ya kufyonzea vumbi. Mashine ilivuta kwa mbele, ikatema kwa nyuma. Ikabaki mashine yake mwenyewe, ile inayofyonza vumbi na kulizamisha kwenye beseni la maji.

Ile mashine waliinunua mwaka mmoja na nusu kabla ya kifo, Irmgard alipoanza kukohoa. Muuzaji alikuja mlangoni na masanduku mawili na viatu vinavyong'aa, jina lake Lanzinger, mtu wa maneno laini. Aliomba robo saa tu. Akajaza maji safi kwenye beseni la mashine hadi kwenye mstari, akayaonyesha kama mfanya kiinimacho anavyoonyesha mikono mitupu, kisha akaomba godoro. Irmgard hakutaka. Bi Pfeiffle alikuwa amealikwa kuangalia, na mwanamke wa mji ule akiombwa aonyeshe godoro lake mbele ya jirani, ni afadhali aombwe jino. Lakini Lanzinger alikwisha kuondoa shuka.

"Mama, usione haya," alisema. "Kila nyumba maji hutoka meusi. Hata kwa mchungaji yalitoka meusi."

Yalitoka meupe. Yalikuwa kama maji ya kuoshea mchele, na yalipoachwa yatulie hayakutulia. Lanzinger alifungua mdomo akaufunga. Katika miaka tisa ya kazi hakuwahi kuona maji meupe.

"Hiki ni nini?" aliuliza Irmgard, masikio yamemwiva kwa haya. Alimwuliza mumewe, si muuzaji.

Gotthilf aliyatazama maji. Alijua ni nini tangu yalipoanza kubadilika.

"Ni lipu," alisema. "Lipu ya dari inapukutika."

Mashine waliinunua. Mwezi uliofuata Irmgard alipanda ngazi ya mbao, na kifua kile kile, akakwangua dari ya chumba cha kulala na kuipaka rangi upya, maana hakutaka kuchekwa mara ya pili. Gotthilf alimshikia ngazi.

Basi siku ile ya Machi aliitoa mashine kabatini, akajaza maji hadi kwenye mstari. Kisha akaitazama saa. Ilikuwa nane na dakika ishirini na tano, na kanuni za jengo, zilizobandikwa chini penye masanduku ya barua, zinakataza mashine yoyote yenye kelele kati ya saa saba na saa tisa mchana, kwa ajili ya utulivu. Akakaa. Ovaroli nayo ikakaa. Wakangoja mpaka saa tisa, wameelekeana, kati yao kibakuli cha chumvi.

Saa tisa juu ya alama aliwasha. Ovaroli ilinyoosha mikono pembeni ili afike kwapani. Alianzia kola, akashuka mgongoni, akapita kila mshono. Maji yakawa meupe. Alipomaliza ovaroli ilikuwa ya buluu kama siku iliyotoka dukani. Ikainuka, ikatoka, ikashuka ngazi bila kuacha alama hata moja. Bi Pfeiffle alikagua vidato, akasema, "Haya, kumbe mkitaka mnaweza."

Siku iliyofuata, saa nane na dakika kumi, ilirudi na vumbi lile lile. Ilikuja kila siku ya kazi. Jumamosi na Jumapili haikuja, na sikukuu za kanisa haikuja, wala wiki tatu za Agosti ambazo kiwanda kilikuwa kikifunga. Waliokaa kwenye jengo waliizoea upesi. Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya kwanza aliisalimu. Tarishi aliipa barua ipeleke juu.

Barua mojawapo ilitoka ofisi ya bima ya wafanyakazi. Gotthilf aliwaandikia mara tu baada ya mazishi, kwa mwandiko wake wa darasa la nane, akiomba jambo moja. Cheti cha kifo kilisema "maradhi ya mapafu", kana kwamba maradhi yale yalidondoka toka mbinguni kama mvua. Yeye alitaka sentensi moja yenye mhuri: kwamba Irmgard Schempp ameuawa na vumbi la kiwanda. Alitaka waandike wao, wenye kalamu, siyo yeye.

Maana wenye kalamu ndio waliolileta. Mkurugenzi alijenga nyumba yake mlimani, upande ambao upepo wa kiwanda haukuvuma, na hakuna aliyemwuliza kwa nini pale. Kiwanda kilipofungwa wakubwa walipeana mkono, wakapeana saa za dhahabu, wakafa mmoja mmoja vitandani mwao wakiwa na miaka tisini. Nyaraka za kiwanda zilipotakiwa kutazamwa, ikaonekana ghala la nyaraka lilipata mafuriko. Mto ule haujawahi kufurika popote pengine.

Ofisi ilijibu kwa heshima. Marehemu hakuwa mfanyakazi wa kiwanda. Hakuna ushahidi kwamba vumbi la kiwandani lilifika nyumbani kwake. Kama mlalamikaji anao ushahidi, autoe.

Gotthilf alisoma barua mara mbili, akainua macho, akaiona ovaroli imeketi pale pale, ikipukutisha ushahidi juu ya kiti.

"Mungu hamtupi mja wake," aliiambia. "Wewe ndiye shahidi wangu."

Akawaandikia waje waone.

Alikuja mwanamke wa makamo, Bi Ostertag, Alhamisi moja ya Mei, na mkoba mgumu na viatu vya kutembelea mbali. Alifika saa nane kasoro ili awahi. Gotthilf alikuwa amenunua keki ya rubabu, yale mabua machachu ya bustanini. Ovaroli iliingia kwa wakati wake, ikaketi. Bi Ostertag aliitakia mchana mwema, akafungua fomu.

"Huja kila siku?"

"Siku za kazi."

"Na uliivaa miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

Alipiga hesabu pembeni mwa karatasi. "Kama kila siku uliyofanya kazi ina safari yake, Bwana Schempp, itamaliza wewe ukiwa na miaka mia kamili. Nakuombea afya. Unaweza kuisafisha sasa?"

"Saa tisa. Kanuni za jengo."

"Ah, naam," alisema Bi Ostertag, akavuta sahani ya keki. Naye alikuwa mtu wa kule kule.

Saa tisa alitoa barakoa mkobani akavaa. Barakoa ilikuwa hiyo moja tu. Gotthilf aliwasha mashine, akaanza na kola kama kawaida, na ovaroli ikanyoosha mikono. Bi Ostertag alisogea na fomu yake, akiweka alama: kola, mabega, mikono, mgongo. Maji yalipogeuka meupe alitazama kwa makini, akaandika "meupe".

"Na mifuko?" aliuliza.

"Mifuko hapana. Mifuko alikuwa akishughulikia mke wangu."

"Fomu inauliza mifuko."

Alifyonza mfuko wa kulia, akafyonza wa kushoto. Kilibaki kimfuko cha kifuani, chini ya namba 412, chenye kifungo. Gotthilf aliponyoosha mkono, ovaroli ilikunja mkono wake ikaufunika ule mfuko.

"Haitaki," alisema Gotthilf.

"Ishike taratibu," alisema Bi Ostertag. "Nyingi zinaona haya mwanzoni."

Aliusogeza ule mkono wa kitambaa, akafungua kifungo, akaweka mdomo wa mashine. Kitu kilipita ndani ya mpira wa mashine, kikikwaruza, kikatumbukia majini. Akazima. Ndani ya beseni, juu ya maji meupe, ilielea karatasi iliyokunjwa mara nne. Gotthilf aliitoa. Ilikuwa kavu.

Ilikuwa na nembo ya kiwanda na tarehe ya Oktoba 1974. Aliisoma kwa sauti, na jinsi alivyokuwa akiendelea, sauti ilimpanda.

"'Vumbi la asbesto lina madhara kwa afya. Nguo za kazi zisipelekwe nyumbani. Kuanzia tarehe moja nguo zote zikabidhiwe kwa dobi wa kiwanda, karibu na lango, mwisho wa zamu.' Umesikia? Sabini na nne! Walijua! Wanasema ghala lilifurika, hawakujua, hakuna aliyejua, kumbe walijua mpaka wakachapisha! Miaka kumi na sita wametuacha tuvute hewa ile, na karatasi wanayo! Chukua, mama. Bandika kwenye fomu yako. Washenzi wakubwa wale, sasa watasema nini?"

Bi Ostertag aliipokea, akaisoma mwenyewe polepole hadi chini kabisa. Akavua barakoa.

"Hapa chini pana sahihi," alisema.

"Ya mkurugenzi. Mwite hata kaburini."

"Yako, Bwana Schempp. 'Nimesomewa na nimeelewa.' G. Schempp, namba 412."

Gotthilf aliinamia karatasi, akautambua mwandiko wake.

Aliikumbuka siku ile vizuri. Hakuwahi kuisahau, alikuwa ameikunja tu. Msimamizi alipitisha karatasi kwenye foleni ya supu. Wote walisaini. Siku ya kwanza ya dobi, watu tisa walipanga foleni mbele ya kidirisha cha dobi, na waliobaki wakapita wakiwacheka. Jamani, wake zenu hawajui kufua? Wameanza kulala mpaka mchana? Kwa mji ule, mwanamume ambaye nguo zake zinafuliwa na wageni ana mke mvivu, na habari hiyo hufika kanisani kabla yake. Gotthilf alipima foleni kwa macho. Ilikuwa robo saa. Dengu zilikuwa mezani saa nane na robo, naye alikuwa na njaa. Akapita.

Siku ya pili akapita tena. Baada ya mwezi kidirisha kilifungwa kwa kukosa wateja, na wakubwa hawakuuliza, maana karatasi zilizosainiwa walikuwa nazo na hizo ndizo walizozitaka. Gotthilf hakumwambia Irmgard. Angemwambia, Irmgard angeuliza kwa nini, na akishaulizwa kwa nini angelazimika kufikiri.

"Niliona haya," alisema hatimaye. "Na nilikuwa na njaa."

"Naiandika?" aliuliza Bi Ostertag.

"Andika."

Aliandika. Alijaza chupa ndogo ya maji meupe, akaifunga kwa gundi na namba, akashukuru kwa keki. Mlangoni aligeuka, akawa kama mtu anayetaka kusema neno lisilokuwemo kwenye fomu.

"Bwana Schempp, ungeweza kuichana ile karatasi. Mimi nilikuwa natazama keki."

"Nilidhani ni ya kwao," alisema Gotthilf.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita, na ovaroli ndiyo iliyolileta juu. Ofisi ilikubali kwamba vumbi lililokutwa kwenye maji ni la kiwanda. Ilikubali kwamba lilifika nyumbani. Kwa kuwa, hata hivyo, mwajiri alitimiza wajibu wake kwa kumwarifu mfanyakazi kwa maandishi mwaka 1974, na kwa kuwa mfanyakazi alizipeleka nguo nyumbani kwa hiari yake, kifo cha marehemu kimetokana na mpango binafsi wa kaya. Ombi limekataliwa. Rufaa ndani ya mwezi mmoja.

Bi Pfeiffle alikuja kuazima siki akamkuta na barua.

"Wamesemaje?"

"Wanasema ni mimi."

"Na wao je?"

"Wao walinipa karatasi."

Bi Pfeiffle alisimama na kichupa chake. Alikuwa na ulimi mkali, lakini marehemu mumewe naye alipita pale kwenye kidirisha akicheka, na alikuwa amezikwa mwaka wa tisini na saba. "Karatasi," alisema. "Mimi ningewapa za kufutia wanakokujua." Akaketi kwenye kiti kilichobaki, kando ya ovaroli, na hakuondoka mpaka ilipogonga saa tisa.

Gotthilf hakukata rufaa. Jumatatu iliyofuata alivaa koti lake la kanisani baada ya chakula cha mchana, akatelemka mpaka penye lango la zamani. Kiwanda kimekuwa maduka, na pale palipokuwa na dobi pana ukumbi wa mazoezi, wenye vioo na mashine za kukimbilia pasipo kwenda popote. Saa nane kamili ovaroli ilitokea ng'ambo ya maegesho, ikielekea nyumbani. Aliishika mkono.

"Leo huku," aliiambia.

Waliingia. Kwenye kaunta msichana mwenye fulana ya kijani aliwatazama wote wawili, akatazama vumbi linalodondoka sakafuni, akatazama skrini yake.

"Karibuni. Mna miadi?"

"Tunasubiri zamu yetu tu."

"Majina?"

"Schempp. Mia nne na kumi na mbili."

Alitafuta kwa kidole. "Hampo kwenye orodha, mzee."

"Najua," alisema Gotthilf. "Hatukuwahi kujiandikisha."

Msichana alifikiri kidogo, akawaonyesha mahali pa kusimama ili wasizuie mlango. Wakasimama pale robo saa, bega kwa bega, wameelekea ukuta ambao zamani ulikuwa na kidirisha. Hakuna aliyewaita. Saa nane na robo Gotthilf alishukuru, wakatoka, wakapanda kilima polepole kwa sababu ya goti lake, wakafika nyumbani saa nane na dakika ishirini na tano.

Hufanya hivyo kila siku ya kazi. Ovaroli hufika na vumbi kiasi kile kile, hakijapungua hata kijiko. Saa tisa yeye hujaza maji hadi kwenye mstari.